Tisini isiyo tisini: mimi na oili za Bedford la jeshi

Siku nilipoliingiza Bedford langu Mikindani, Mombasa, watoto walilifuata nyuma wakipiga saluti, na jirani mmoja akaniuliza kama serikali imepinduliwa. Ni MK, lori walilokuwa wakilitumia wanajeshi wa Uingereza: tani 4, magurudumu yote manne yanavuta, injini ya silinda 6 ya lita 5.4. Rangi yake ya kijani imepakwa juu ya kijani nyingine, na ukikwaruza unakuta nyingine tena. Nilitaka gari la kutoa mchanga na mawe huko Kwale, kwenye njia ambazo Canter za watu hukwama mvua ikinyesha. Kwa hilo halijawahi kunivunja moyo. Kilichonitoa jasho ni oili na filta, na nusu ya jasho hilo nililitoa kwa kusikiliza watu.

Ndani ya kebini mlikuwa na kisahani cha bati. Mstari wa injini umeandikwa OMD 90. Gia boksi na difu, OEP 220. Basi. Hakuna SAE, zile namba za uzito wa oili zinazoandikwa kwenye kila ndoo ya dukani, wala jina la kampuni. Nikaandika kiganjani nikaenda Mwembe Tayari kwenye maduka ya spea.

Kijana wa kaunta alikitazama kiganja changu kama mpiga ramli. "Yakhe, tisini ni oili ya difu. Hiyo 220 sijaiona mie, labda ya meli. Kaulize Kilindini." Nikampigia fundi wangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu. Akasema injini za jeshi si kama hizi zetu, zimezoea kula kizito, tia tisini hiyohiyo, jeshi halikosei. Nikanunua ndoo ya oili ya gia namba 90, elfu kumi na kitu, nikaimimina kwenye injini.

Lau lori lingekataa kuwaka ningeshtuka mapema. Lakini liliwaka, tena geji ya presha ya oili ikasimama pazuri kuliko siku zote. Nikaipiga picha nikamtumia fundi, naye akanijibu kwa vidole gumba vitatu. Nikaenda nalo Mariakani na kurudi, mkono nje ya dirisha, nikiwapungia watu kama mkuu wa majeshi. Kufika Miritini nikaanza kunusa mayai viza. Nikasingizia jaa la Kibarani, ingawa jaa lenyewe lilishafungwa na lipo mbele huko, na upepo ulikuwa hautoki upande huo. Nyumbani nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: povu tupu, kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, na harufu ile ikanijaa puani.

Mtaani kwetu kuna mzee mstaafu wa jeshi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya magari. Nilikuwa sijamuuliza kwa sababu, kusema kweli, nilitaka nimwite aje aone lori likiwa tayari. Alinusa dipstiki, akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Kijana, umesoma namba ukaruka herufi."

Akanieleza kwa utulivu, huku mimi nikitamani ardhi ipasuke. OMD kwa Waingereza ni oili ya madini yenye sabuni, yaani ya injini. OEP ni oili ya kuhimili mgandamizo mkubwa, yaani ya gia. Zile namba zinazofuata hazina uhusiano na SAE ya dukani. Kwa hiyo OMD 90 ukiitafuta leo unachukua 15W-40 ya injini za dizeli. Na OEP 220, ile ya "meli", ndiyo 80W-90 ya gia iliyojaa kila duka. Ukikuta mkebe wa jeshi umeandikwa O-226, ni hiyohiyo OEP 220 kwa jina la NATO. Grisi ya XG-279 nayo, ambayo nilikuwa tayari kuiagiza Uingereza kwa bei ya mbuzi, ni grisi ya litiamu ya kawaida tu.

Sasa, kwa nini geji ilifurahi? Kwa sababu hata SAE yenyewe ina ngazi mbili, moja ya injini na moja ya gia, na hazilingani. Tisini ya gia ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini. Tatizo halikuwa uzito, lilikuwa dawa zilizomo. Oili ya gia imetiwa salfa na fosforasi za kulinda meno ya gia, na haina ile sabuni ya kubeba masizi ya dizeli. Joto la injini likiikamata, salfa inaanza kula shaba ya beringi, na wewe unanusa mayai. Tangu hapo mtu akiniambia "injini kuukuu tia oili nzito" namwuliza: nzito kwa ngazi ipi? Wengi wananyamaza. Fundi wangu hakunyamaza. Alisema yeye alimaanisha tisini ya injini. Hakuna tisini ya injini.

Nikaimwaga yote, nikatia 15W-40, nikaimwaga hiyo pia ikiwa bado changa, nikatia nyingine. Kwenye ndoo angalia herufi za API, zinazoonyesha daraja la oili: zinazoanza na C ndizo za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli. Yangu ni CF-4, na nikikuta CI-4 kwa bei nzuri nachukua. Kuna waliosema nisafishe kwanza kwa kutia mafuta ya taa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha injini iungurume dakika kumi. Hao niliwashukuru nikaondoka. Mafuta ya taa yanaosha hata ule utando wa oili unaozuia chuma kusagana na chuma.

Na hiyo W isikusumbue. Ni habari ya kuwasha gari kwenye baridi, na Mombasa baridi yetu ni ile ya kutafuta shuka saa kumi usiku mwezi wa Julai. Mzee alisema hata SAE 40 kavu ingefaa hapa Pwani. Mimi nilichagua 15W-40 kwa sababu inapatikana kila kituo cha mafuta, hata saa nane za usiku ukiwa Samburu.

Lakini oili yenye sabuni kwenye injini iliyokaa miaka na uchafu wake ina kisa chake. Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, mchana, lori limejaa mchanga na jua la utosi. Geji ikaanza kuteremka. Ukiwa umesimama na injini moto, presha kushuka kidogo ni kawaida. Hii haikushuka kidogo, ililala. Nikazima palepale. Feri ikafungua, nyuma yangu honi, makonde, na mtu wa mkokoteni akiniita jenerali. Tulilisukuma pembeni watu kumi na wawili, na kila mmoja alitaka soda.

Kumbe sabuni ilikuwa inafanya kazi yake. Iling'oa tope lililoganda ndani kwa miaka, tope likateremka kwenye sampu likaziba chujio la waya ambalo pampu inavutia oili. Tulipoifungua sampu tulichota uchafu kwa kijiko, mweusi kama haluwa iliyoungua. Kama una gari la aina hii, zile oili mbili tatu za mwanzo zimwage mapema, kilomita mia tano hivi, usilie na bei. Na ifungue sampu kabla haijakufungulia yenyewe Likoni.

Hapo ndipo filta nayo ilipoumbuka. Ya oili kwenye lori langu ni ya karatasi, inaingia ndani ya kikombe cha chuma na kukazwa na bolti moja ndefu katikati. Niliyokuwa nimeiweka ilitoka safi. Safi kabisa! Wale vijana wa gereji walinipongeza, wakasema oili yangu ni nzuri. Nami nikapokea pongezi. Ni usiku, kitandani, ndipo nilipojiuliza: dizeli ya kizamani, tope la kuchota kwa kijiko, filta inakuwaje safi? Asubuhi nikaipima kwa rula ya shule ya binti yangu. Ilikuwa fupi kwa upana wa ukucha. Haikubana juu, kwa hiyo oili ilikuwa inapita pembeni kama abiria asiyelipa nauli. Muuza duka alikuwa ameniambia "hii ndiyo yenyewe, ukubwa mmoja". Tangu siku hiyo siendi dukani na jina la gari. Naenda na filta ya zamani kwenye karatasi la gazeti, na rula. Napima urefu, kipenyo cha nje, na tundu za pande zote mbili, maana nyingine tundu la juu linafaa na la chini linapwaya.

Ya dizeli ilikuwa rahisi na ndiyo ninayojivunia. Ni CAV, ile kaseti ya namba 296 inayotumika kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwa hiyo inapatikana kwa bei ya chai na mahamri ya watu wachache. Ujanja wangu ni kwamba nilitafuta kwenye vyuma chakavu kitako chake cha kioo badala ya kile cha bati. Hewa yetu ina unyevu, tangi lisilojaa linatoa jasho usiku, na maji yanaingia kwenye dizeli. Sasa kila asubuhi nachungulia, nikiona maji yamelala chini nafungua kizibo cha chini, yanatoka, naondoka. Kubadilisha kaseti ni dakika chache, ukimaliza unatoa hewa kama kawaida.

Gia boksi nusura nikosee tena. Dukani walinipa 80W-90 ya GL-5, GL ikiwa ni daraja la oili ya gia, eti ndiyo bora maana 5 ni kubwa kuliko 4. Difu sawa. Lakini ndani ya gia boksi za zamani mna ringi na bushi za shaba, na GL-5 imezidishiwa salfa inayoweza kuila shaba. Nikarudisha, nikachukua GL-4. Muuzaji alinitazama kama mtu anayerudisha embe tamu.

Oili bandia nayo ipo, ndoo za zamani zimejazwa upya. Nina vipimo viwili vya bure. Oili ya injini naidondosha tone moja kwenye karatasi laini nyeupe, naiacha usiku. Ikitandaa na weusi ukafifia taratibu kuelekea nje, sabuni bado ipo. Ikibaki doa jeusi lenye ukingo mkali, imekwisha, mwaga. Kipimo cha pili ni cha maji: tone moja kwenye chuma cha moto. Likitatarika, mna maji.

Chuma chenyewe kilikuwa cha chapati. Nilikiosha, naapa, mara tatu. Lakini Ijumaa ile mama Salma alipotandaza chapati ya kwanza ilitatarika kidogo, akainama akainusa, akaniita kwa sauti ya chini sana: "Baba Salma, njoo." Kipya nilikinunua Kongowea jioni ileile. Cha zamani kinakaa kwenye kebini, nyuma ya kiti, pamoja na rula.