Gasketi ya hedi huchaguliwa na pistoni

"Hedi ikishachongwa, weka gasketi nene." Nimeambiwa hivyo na watu wanne, wawili kati yao mafundi wa miaka mingi, na ushauri huo ndio ulionifanya nifungue injini moja mara mbili. Kwa dizeli kama ya lori langu si kweli hata kidogo, na inaniudhi kwamba bado watu wanaambiana. Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, gasketi ni bamba la kuziba kati yake na bloku, na kuchonga ni kuisawazisha kwa mashine.

Injini yenyewe ni silinda sita, ina tabo. Ilichemsha mlimani, gasketi ikaungua kati ya silinda ya tatu na ya nne, na kila nikikanyaga mafuta maji yanapiga mapovu kwenye rejeta. Nikaona bora nifanye ovahoo kabisa. Hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kuchongwa. Bloku tuliilazia rula ya chuma na fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 haikupita popote, kwa hiyo hatukuigusa.

Gasketi niliyouziwa ilikuwa ile ya ukarabati, nene kuliko ya kawaida kwa nusu milimita. Muuzaji aliilaza juu ya ile ya zamani, matundu ya maji, ya mafuta na ya bolti yakalingana yote, nikaridhika. Matundu yakilingana umejua gasketi ni ya injini hiyo, basi. Unene ni habari nyingine kabisa.

Lori liliwaka. Ila asubuhi yake ilikuwa mateso: stata inazunguka mpaka unaionea huruma betri, moshi mweupe unaowasha macho, na injini inatetemeka kama silinda mbili zimelala. Ikipata joto inatulia, lakini mlimani nguvu hakuna. Nikaambiwa ni nozo, zile za kunyunyizia mafuta kwenye silinda. Zikapimwa, nzima. Nikaambiwa ni taimingi ya pampu. Nzima pia. Wiki mbili zilipita hivyo, na pesa iliyokwenda ingenunua gasketi tatu.

Jibu nililipata kwa penseli. Silinda yangu ina kipenyo cha milimita 100, na pistoni inatembea milimita 120. Kwa kompresheni ya 17.5 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa hewa inabanwa kwenye nafasi ya sentimita za ujazo kama 57. Nusu milimita ya unene wa ziada inaongeza karibu 4, na kompresheni inashuka hadi kama 16.4. Dizeli haina plagi ya kurusha cheche, mafuta yanawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Hewa isipobanwa vya kutosha, tena chuma chote kikiwa cha baridi, mafuta yanatoka kwenye bomba la moshi bila kuungua. Ndio ule moshi mweupe.

Na ile hedi iliyochongwa? Kwa chini ni bapa kama meza, bakuli la kuunguzia mafuta liko kwenye pistoni. Ukiichonga inabaki bapa, na nafasi iliyo juu ya pistoni haibadiliki kwa sababu hiyo. Kinachobadilika ni kina cha valvu, hilo linatengenezwa kwenye siti zake. Pistoni inachomoza zaidi juu ya uso wa bloku pale bloku inapochongwa, na gasketi nene zimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Sikutaka kuamini penseli peke yake. Nilifungua tena, nikachukua waya laini wa risasi wa kulehemu, vipande viwili vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa grisi juu ya pistoni namba moja, upande huu na upande huu, sawa na mstari wa pini inayoishika pistoni kwenye fimbo yake, mbali na bakuli na mbali na valvu. Nikarudisha gasketi ileile nene, nikafunga hedi kwa bolti za zamani kwa kipimo kamili (bolti za zamani usizitupe, zina kazi ya majaribio), nikazungusha krenki kwa mkono taratibu mpaka pistoni ikapita juu. Nilipofungua, waya ulikuwa umekuwa utepe. Maikromita ikasoma milimita 1.3 pande zote mbili: ndiyo nafasi iliyobaki kati ya pistoni na hedi, kubwa mno. Nilikaa na ule utepe mkononi nikijua kwamba nozo zangu hazikuwa na kosa lolote.

Baada ya hapo nikaazima dayo geji, ile saa ya kupimia yenye mshale, nione pistoni inachomoza kiasi gani. Unaiweka sifuri juu ya uso wa bloku uliosafishwa vizuri, unaisogeza juu ya pistoni, unazungusha krenki kwenda na kurudi mpaka mshale ugeuke. Pima juu ya mstari wa pini, kwa sababu kwingine pistoni inalala kidogo na kukudanganya. Pima zote sita. Zangu zilichomoza kati ya milimita 0.56 na 0.62, ya juu ikiwa namba tano, na kitabu cha injini hii kinataka uchague kwa ile iliyochomoza kuliko zote. Jedwali likanipeleka kwenye gasketi nyembamba, yenye pengo moja pembeni, ambalo ndilo alama ya unene wake. Nikachukua ile iliyoungua, nikaisugua masizi kwenye kona. Pengo moja. Alama ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Gasketi mpya ni ya tabaka za chuma, na ina mipako yake. Kuna aliyetaka kuipaka silikoni "kwa usalama", nikamzuia. Inachohitaji ni uso laini na msafi. Na matundu ya bolti yakaushe kabisa: mafuta yakibaki chini ya tundu lisilotoboka, bolti inayabana na bloku inaweza kupasuka. Za kwangu ni bolti za kuvutika, zinazorefuka zikikazwa na hazifai kurudiwa, kwa hiyo nilinunua seti mpya tena, japo iliniuma.

Asubuhi ya kwanza nililiacha lori nje usiku kucha makusudi. Stata ilizunguka kidogo tu, likaunguruma, silinda zote sita, moshi kidogo wa kijivu kisha hakuna. Vile vipimo sita nimeviandika kwenye karatasi ndani ya kitabu cha lori, na utepe wa risasi nimeubandika hapohapo kwa selotepu.