Ndiyo, Nimenunua Udongo

Picha niliyotuma kwenye grupu la ukoo ilikuwa ya chungu cha maua, basi. Ila nyuma ya chungu kulikuwa na mfuko, na mtoto wa mjomba ana macho ya polisi wa forodha. Akaikuza picha mpaka akasoma maandishi ya kwenye mfuko, akauliza: huo ni udongo wa dukani? Nikajibu ndiyo. Tangu hapo sina raha. Mmoja anauliza kama na upepo tunauziwa kwa kilo. Mwingine ananishauri niagize kontena zima la udongo, eti nitatajirika kabla ya Krismasi. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza kwa upole: "Mwanangu, huko ulikokwenda hakuna ardhi?"

Shikamoo shangazi. Ardhi ipo, tatizo si yangu. Hapa Uingereza ninapopanga, nje ya mlango kuna kiwanja kidogo kilichotandazwa mawe kutoka ukuta hadi ukuta, na mkataba wa pango unakataza kung'oa hata jiwe moja. Mnaojiandaa kuja, kurasa hizo za mwisho za mkataba msizisaini huku mnapiga picha za funguo. Zisomeni. Humo ndimo wanamokataza kuchimba, kupiga msumari ukutani, kufuga, na mahali pengine hata kuanika nguo nje. Ukishasaini, kilichobaki ni chungu, na chungu huja kitupu.

Sasa mnaocheka, subirini msikie zaidi: udongo wenyewe una namba. Kuna mchanganyiko unaoitwa John Innes, uliobuniwa hapa miaka ya 1930 na taasisi ya utafiti wa bustani yenye jina hilo. Ule wa asili ni vipimo 7 vya udongo tifutifu, 3 vya mboji ya kinamasi na 2 vya mchanga, kisha mbolea na chokaa. Namba 1 ni ya miche, namba 2 ya mimea iliyoanza kushika, namba 3 ya mimea mikubwa inayokaa chunguni muda mrefu. Kabla ya kuchanganywa, udongo hupigwa mvuke wa moto ili mbegu za magugu na vimelea vife. Yaani udongo unapikwa. Siku hizi wengi wanaikwepa mboji ya kinamasi kwa sababu kuichimba kunaharibu ardhi oevu, kwa hiyo mfuko unaweza kuwa na nyuzi za nazi au maganda ya miti badala yake. Bei siitaji. Mtoto wa mjomba anasoma hapa pia.

Lakini huo si ujinga. Udongo wa shambani ukiutia chunguni hushindiliwa na maji mpaka hewa inakosa pa kupita. Shambani kuna kina, kuna minyoo inayotoboa njia, kuna mizizi ya mimea mingine inayonyonya maji. Chunguni hakuna lolote kati ya hayo. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ikikosa hewa inaoza. Ndiyo maana nikanunua, na nitanunua tena.

Mimea yenyewe sikuinunua. Alinipa mama mmoja mzee wa ghorofa ya chini, Mwingereza, ambaye kwa muda mrefu tulikuwa tunasalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Huwa tunawasema sana watu wa hapa kuwa hawana ujirani, na mimi ni mmoja wa wasemaji wakuu. Siku moja akagonga mlango, akasema anahamia kwa binti yake, magoti hayamruhusu tena kuinama, na ameona ninavyosimama kuangalia vyungu vyake kila nikirudi kazini usiku. Akaniachia vyote. Heukera, hosta, primula, na agapantha moja kubwa inayokaribia kukipasua chungu chake. Nilikosa la kusema. Nikambebea masanduku hadi kwenye gari.

Heukera ndiyo iliyoniteka. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina mwaka 1753 kwa heshima ya daktari Mjerumani, Johann Heinrich von Heucher. Maua yake ni vikengele vidogo juu ya vijiti vyembamba, na si hayo yanayofanya watu waipende. Watu wanapenda majani: zambarau iliyokolea, rangi ya shaba, kijani cha ndimu, fedha yenye mishipa myeusi. Aina iitwayo Palace Purple ilichaguliwa na chama cha wakuza mimea ya kudumu cha Marekani kuwa mmea wa mwaka 1991, na tangu hapo rangi mpya hazijaisha. Tena haipukutishi majani yote wakati wa baridi. Aliyewahi kuishi huku mwezi wa kwanza, jua likizama kabla hujamaliza zamu ya mchana, anajua jani moja jekundu nje ya dirisha lina thamani gani. Mwenzangu kazini akasema mmea huu ni sisi wahamiaji, umetoka kwao na bado unasimama. Nikamwambia huu ni mmea, sisi tuna kodi ya kulipa.

Shida ikaja nilipotaka kuvibadilishia vyungu. Nilishika majani ya heukera moja iliyokuwa imenywea, nikaivuta kidogo, ikatoka yote mkononi. Haina mizizi. Nikamwaga udongo juu ya gazeti na humo wakawamo funza weupe, wanene, wasio na miguu, vichwa vya kahawia, wamejikunja. Ni watoto wa fukusi mweusi wa hapa, jamaa wa mbali wa yule wa migomba. Mkubwa wake hawezi kuruka, lakini hupanda ukuta vizuri tu. Usiku hula kingo za majani na kuziacha na mapengo, na karibu wote ni majike wanaotaga bila kuhitaji dume. Mmoja akiingia kwako kiangazi, anakutagia mamia ya mayai. Funza hula mizizi kuanzia majira ya majani kupukutika hadi machipuko, na heukera na primula ndiyo chakula chao hasa. Mapengo kwenye majani unaweza kuyavumilia, mmea hautakufa kwa hayo. Chini ya udongo ndiko wanakoua.

Ule usio na mizizi msiutupe. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye shina lenye uhai, ondoa majani mengi ubakize machache ya katikati, kisha chomeka kwenye chungu kidogo chenye mboji iliyochanganywa na mchanga mwingi. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu tu, usiloe. Heukera huota mizizi upya kutoka kwenye shina hilo. Udongo wa zamani usiurudishe chunguni. Mimi niliutandaza kwenye mawe asubuhi, ndege wakamaliza kazi. Na kwa wale waliobaki kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nematodi, inayouzwa ikiwa hai, unaihifadhi kwenye friji na kuimwagilia na maji mwishoni mwa kiangazi udongo ungali na joto. Inawaingia funza na kuwaua. Ndiyo, na minyoo nimenunua. Picha yake sikutuma.

Mizizi ikiwa mizima, kazi ni nyingine. Mwagilia mmea siku moja kabla, kisha utoe kwa kugonga chungu, usiuvute kwa majani. Ukikuta mizizi inazunguka chungu kwa ndani imekuwa kamba, ichambue kwa vidole, na iliyokaza kabisa ikate. Usiionee huruma, kwa sababu ikiachwa itaendelea kuzunguka hata ndani ya chungu kipya. Chungu kipya kisiwe pipa. Kizidi cha zamani kwa vidole viwili vya upana pande zote, inatosha. Chungu kikubwa mno hubeba udongo ambao mizizi haijaufikia, udongo huo unabaki na maji wiki nzima, na baridi ikija mizizi inakaa ndani ya tope la barafu.

Halafu kuna suala la kokoto. Muuzaji alining'ang'ania nitandaze kokoto chini ya chungu "maji yapite". Alikuwa na mfuko wa kokoto wa kuniuzia, namwelewa. Lakini weka sifongo lililolowa juu ya kokoto uone: maji yanabaki ndani ya sifongo. Udongo laini haukabidhi maji yake kwa tabaka la mawe mpaka ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zinapandisha tu lile eneo lililojaa maji na kulisogeza karibu na mizizi. Kinachotakiwa ni matundu chini na udongo wenye hewa juu yake. Chungu kinyanyue kidogo kutoka kwenye mawe, tundu lisizibe. Vya udongo wa kuchomwa ambavyo havikutengenezwa kwa baridi hupasuka maji yaliyomo yakiganda.

Jambo ambalo kibandiko cha kitalu hakikusema ni kina. Heukera kila mwaka hujisukuma juu, shina linabaki wazi, gumu kama mti, na majani yanakuwa kilemba pale juu. Jalidi, ile baridi inayogandisha udongo, nayo huinua bonge zima la mizizi. Kwa hiyo unapohamisha, zika shina lote hadi majani ya chini kabisa yaguse udongo, na mizizi mipya itatoka hapo. Kila baada ya miaka mitatu au minne inyanyue, gawa vipande vyenye mizizi, tupa katikati palipozeeka. Hosta hataki hivyo, mrudishe kina kilekile alichokuwa nacho. Primula gawa baada ya maua kwisha. Agapantha, mtoto wa Afrika Kusini, hutoa maua vizuri akibanwa, kwa hiyo yeye nimemwacha avimbe mpaka chungu kiseme chenyewe.

Na nyinyi mnaotaka kunibebea miche au mbegu kwenye begi, asanteni, msibebe. Mimea ya kupandwa kutoka nje lazima iwe na cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya unakotoka, na bila hicho inachukuliwa pale pale uwanja wa ndege.

Niligawa zile heukera za zambarau mwezi wa nne na vipande kadhaa vimeshika vizuri. Aliye karibu na anavitaka aniandikie, lakini aje na chungu chake, chenye tundu, na udongo wake.