Majina Pekee Hayatoshi: Kusoma DNA ya Tope la Mikoko ya Tudor

Harufu ya mayai viza inayopanda kutoka kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, maji yanapokupwa haitokani na taka peke yake, ingawa maji machafu ya mji huingia humo kwa wingi. Kuna bakteria ambao, pale oksijeni inapokwisha, na hapo si mbali na uso wa tope, hupumua salfeti iliyojaa katika maji ya bahari na kuacha gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikikutana na madini ya chuma hulitia tope ule weusi unaoganda nyayoni.

Zamani vijiumbe wa namna hii walijulikana kwa kuoteshwa kwenye sahani za maabara, lakini wengi wao hawakubali kuota. Katika maji ya bahari wanaoota aghalabu hawafiki hata 1 kwa kila 100 ya wanaoonekana kwa hadubini. Njia nyingine ilifunguka wanabiolojia Carl Woese na George Fox walipolinganisha RNA ya ribosomu, yaani ya viwanda vya protini ndani ya seli, mwaka 1977, wakaonyesha kwamba kundi zima, ambalo leo tunaliita arkea, lilikuwa limechanganywa na bakteria bila haki. Jeni ya RNA hiyo, iitwayo 16S, ina herufi zipatazo 1,500, na tofauti za herufi hizo ndizo zinazotuwezesha kumtambua kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumfuga.

Kwa tope la mikoko, taabu huanza kabla ya kusoma herufi yoyote. Ukishakata tope kwa bomba, ukaligawa kwa sentimita na kuzipasua seli, majimaji unayoyapata huwa na rangi ya strungi, kwa sababu ya tanini na asidi za mboji. (Magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, yametumika tangu zamani kutengenezea ngozi kwa sababu ya tanini hiyo hiyo.) Vitu hivyo huizuia PCR, njia ya kuinakili DNA mara nyingi ili isomeke, isifanye kazi, kwa hiyo DNA husafishwa tena au huzimuliwa, na sampuli tupu isiyo na tope lolote hupitishwa hatua zote pamoja na nyingine, ili tuone ni bakteria gani wameletwa na dawa za maabara zenyewe.

Jeni za 16S zikishasomwa huja jedwali refu la majina na asilimia, na mimi naona jedwali hilo huaminiwa kupita kiasi. Bakteria mmoja anaweza kuwa na nakala 1 tu ya jeni ya 16S na mwingine akawa nazo zaidi ya 10, kwa hiyo wingi wa herufi zilizosomwa si wingi wa seli. Isitoshe, DNA ya waliokufa hudumu topeni na kuhesabiwa pamoja na ya walio hai.

Metajenomu, istilahi iliyoletwa na Jo Handelsman na wenzake mwaka 1998, hutusogeza mbele, kwa kuwa husomwa DNA yote iliyomo na hivyo kazi zinaonekana pamoja na majina: jeni za dsrA na dsrB kwa wanaopumua salfeti, mcrA kwa arkea watoao mithani. Inasemwa kwamba wa kwanza huwashinda wa pili, na ni kweli wanapogombea haidrojeni na asetati. Lakini mikokoni kuna pia trimethilamini na misombo mingine yenye methili, chakula cha arkea hao ambacho wanaopumua salfeti hawakigombei sana, kwa hiyo makundi yote mawili huishi katika tope lile lile. Kwa wanaohesabu kaboni inayohifadhiwa na mikoko, kama wanavyofanya wenzetu wa Gazi, pwani ya kusini mwa Mombasa, hilo si jambo dogo, maana mithani nayo ni gesi ya kuipasha dunia joto, na ile inayotoroka hupunguza faida ya hifadhi hiyo.

Hata hivyo, kuwa na jeni si kuitumia. RNA ijumbe ndiyo inayoonyesha jeni zilizokuwa kazini, nayo huoza kwa dakika chache, hivyo sampuli lazima igandishwe pale pale ufukoni, jambo ambalo katika joto la kaskazi si rahisi. Ndiyo maana kila kipande cha tope tunachokitolea DNA hukatiwa pacha wake kutoka kina kile kile, wa kupimia salfaidi na mithani siku hiyo hiyo.