Geti la makedi

Mwaka wangu wa kwanza huku Afrika Kusini nilifika kwenye uwanja mmoja wa gofu alfajiri, begi la fimbo begani, na mlinzi wa getini akaniambia kwa upole kabisa kwamba makedi, wabeba mabegi ya wachezaji, wanaingilia geti la nyuma. Alikuwa mtu mzima, kofia ya sufu kaishusha mpaka kwenye nyusi kwa baridi. Nikamwonyesha jina langu kwenye orodha ya wachezaji. Akalisoma, akanitazama, akalisoma tena, halafu akavua kofia na kuniomba radhi. Radhi ile iliniuma kuliko geti lenyewe. Aliiomba kana kwamba amenitukana, na neno alilonitajia lilikuwa kedi tu.

Mimi ni kedi. Nimebeba mabegi ya watu Arusha Gymkhana tangu nina miaka 13, mashimo 9 yale yale tunayazunguka mara mbili ili yatimie 18, Mlima Meru ukiwa wazi asubuhi na kujifunika mawingu mchana. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mkanda wa begi, na alama ya mkanda huo ninayo begani mpaka leo. Sasa nina kadi ya Sunshine Tour, ziara ya mashindano ya gofu ya kulipwa ya huku, nimepanga chumba mashariki ya Johannesburg. Bado nikimwona mtu kachuchumaa kusoma mteremko wa grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, najua kama amewahi kubeba begi au hajawahi.

Ninaandika haya kwa sababu ya jumbe ninazopokea. Madogo wa Arusha na Moshi wananiandikia kila wiki: "Bro tufanyie mpango, huko mnapiga hela." Siwezi kumjibu kila mmoja, na jibu lenyewe halitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Tuanze na hiyo hela. Mchezaji wa Simba au Yanga mwisho wa mwezi anapata mshahara wake hata kama alikaa benchi. Kwetu mwisho wa mwezi haupo. Unalipia kiingilio cha kila shindano, unalipia mafuta ya gari au tiketi, pa kulala, chakula, kedi. Hayo yote umeshayalipa kabla hujapiga mpira wa kwanza. Halafu unacheza siku mbili, mashimo 36, ndipo mchujo unapita. Walio juu ya mstari wanaendelea kugombea zawadi, walio chini yake wanafungasha. Hakuna kifuta jasho. Nimewahi kumaliza siku mbili kwa mikwaju 141, mstari ukasimama kwenye 140, nikakosa kwa mkwaju mmoja uliozidi. Nilipoanza kuirudia ile raundi kichwani, nilikumbuka mpira mmoja wa siku ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, umande bado unang'aa, hakuna mtazamaji hata mmoja. Mpira ulizunguka mdomo wa shimo ukakataa kuingia. Huo ndio uliokula nauli yangu ya kurudi nyumbani Desemba ile.

Msimu wangu wa kwanza nilicheza mashindano 17, nikapita mchujo mara 5. Nawaambia namba hizi wazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Kabla ya kadi nilipitia Big Easy Tour, ngazi ya chini yake, iliyopewa jina la utani la Ernie Els, bingwa wa gofu wa huku. Zawadi zake ni ndogo, na huko ndiko nilikojifunza kulala watu wanne kwenye chumba cha wawili na kupika maharage ya kutosha siku tatu. Pap ya huku ni ugali, msidanganyike na jina, ingawa ile ya asubuhi wanaifanya laini kama uji mzito. Ninachokosa ni machalari. Ndizi zipo, lakini siyo zile.

Sasa niwaeleze kitu ambacho begi lilinifundisha kabla ya mwalimu yeyote. Tulipokuwa kedi wadogo tulikuwa tunawafuata mabosi wetu kwenye mashindano ya Moshi, pale Moshi Club, au TPC kule kwenye miwa. Mipira yao ilikuwa inaanguka mapema. Walilaumu fimbo, wakalaumu joto, wakalaumu usingizi wa safari ya kilomita 80. Sisi tulikuwa na msemo wetu kijiweni: Moshi mpira unachoka. Kwa hiyo bosi akiomba fimbo namba 8, mimi nampa namba 7, inayopeleka mpira mbali zaidi, na kumtazama usoni, na aliyeniamini alikuwa ananishukuru kwenye grini. Sababu ni hewa. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini kwa mamia ya mita. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, haiukabi mpira, nao unakwenda mbali. Ukishuka, hewa inakuwa nzito na mpira unachoka. Watoto wa kijiweni tulikuwa tumeshalijua hilo kwa macho tu.

Johannesburg ni mita 1,750 hivi. Fimbo namba 7 ninayoipiga mita 165 hapa, Durban pale baharini inafika 150, na upepo wa pwani ukiamka haifiki hata hapo. Mara yangu ya kwanza kucheza Durban niliwaona vijana waliokulia nyanda za juu wakipiga kifupi shimo baada ya shimo, wanatazama fimbo zao kama zimewasaliti. Mimi nilikuwa nimeshahesabu tangu tukiwa barabarani. Kilichonisumbua ni vipimo. Nilikulia kwenye yadi, huku kila kitu ni mita, na mita 150 ni yadi 164. Nilijiandikia jedwali dogo kwa kalamu ya wino na kulibandika ndani ya daftari langu la uwanja, na bado ninatembea nalo ingawa sasa ninalo kichwani.

Halafu zile nyasi. Wiki yangu ya kwanza nilipiga magoti pembeni ya fewei, njia ya nyasi zilizokatwa, nikazishika, nikashangaa, maana nilikuwa nazifahamu. Huku wanaziita kikuyu, kwa sababu zilitoka kwetu, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zililetwa Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa zimejaa viwanja vya Gauteng, jimbo la Johannesburg. Hizi nimezikata kwa mundu kando ya mifereji, upande wa Tengeru, kwa ajili ya ng'ombe wa mama. Ninajua zinavyoshika: majani manene, mizizi inatambaa na kujisokota, mundu usipokuwa mkali zinaukamata na kuugeuza mkononi. Fimbo zinaifanyia vivyo hivyo. Mpira ukizama humo lazima ushike kwa nguvu, ushushe fimbo kwa mkato, usiipepee. Wenzangu hapa wanalipia darasa kujifunza hilo. Juni na Julai zinakauka na kuwa rangi ya majani makavu ya mahindi, na asubuhi tunasubiri barafu iyeyuke kwenye grini kwa sababu ukiikanyaga unaua majani. Unasimama saa nzima na mikono kwapani.

Niwaambie kuhusu kedi wangu. Ana zaidi ya miaka 60, ni Mzulu, kwao ni nje kidogo ya Durban. Namwita Baba, na yeye ananiita mfana wami, kijana wangu. Amebeba mabegi tangu enzi ambazo mtu wa rangi yetu hakuingia kwenye viwanja hivi kwa kazi nyingine. Tulizoeana siku moja ya kiangazi, mchana, king'ora cha radi kilipolia. Radi za nyanda hizi si za mchezo. King'ora kikilia unasimama hapo hapo, hata kama umeshapanga mpira, ukiendelea unatolewa mashindanoni. Tulikaa kwenye kibanda kwa muda wa karibu saa mbili, mvua inapiga bati, Kiingereza changu kimechoka na chake pia. Akaonyesha mvua, akasema amanzi. Nikasema maji. Akasema inyama, nikasema nyama. Imbuzi, mbuzi. Indlovu, ndovu. Abantu, watu. Tukaenda hivyo mpaka mvua ikakatika. Tangu siku ile mimi na yeye tukiwa kwenye grini tunaongea kwa vipande vya lugha mbili, na sijawahi kusomewa mteremko vizuri namna hiyo na mtu yeyote.

Ni yeye aliyenipa habari za Papwa Sewgolum. Mhindi wa Durban, maskini, kedi kama sisi. Alishika fimbo kwa namna ambayo mwalimu yeyote angekukemea, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Mwaka 1959 alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya wazi ya Natal, nyumbani kwao, na kwa kuwa sheria za ubaguzi zilimkataza kuingia jengo la klabu, alikabidhiwa kombe nje, kwenye mvua. Mwaka 1965 akashinda tena, mbele ya Gary Player, bingwa mkubwa wa nchi hiyo. Baadaye serikali ilimfungia kucheza mashindano ya nchi yake. Leo kuna uwanja wa gofu Durban wenye jina lake. Baba alinisimulia haya tukiwa tunatembea shimo la 11, hakuinua sauti, na alipomaliza aliniambia nifute mpira.

Ndipo nikaelewa kwa nini radhi ya yule mlinzi iliniuma vile. Ule uoga wake una historia, na historia hiyo haijazeeka.

Ile wiki ya 141 na 140 nilibaki na deni. Mkataba wetu na Baba ni wa kawaida wa ziara: malipo ya wiki, na nikipata zawadi, asilimia juu yake. Wiki ile zawadi haikuwepo, lakini begi alilibeba, mashimo 36, kilima juu kilima chini, na magoti yake yale. Alipoona jina langu chini ya mstari, alianza kuifunga mifuko ya begi polepole, kisha akasema tutamalizana wiki ijayo. Mimi nilishawahi kuambiwa maneno hayo. Nilikuwa na miaka 14, bosi wangu kapoteza mechi, akatupa fimbo kwenye buti la gari na kuondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka Sakina. Wiki iliyofuata alikuja na kedi mwingine.

Nikamlipa Baba pale pale, yote. Ndiyo ile nauli ya Desemba. Nilimpigia mama kumwambia siji, sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza. Aliniambia tu kwamba ng'ombe amezaa.

Kwa hiyo dogo unayeniandikia kutoka Ngaramtoni au Majengo, mpango wangu kwako ni huu. Usiache begi. Tazama anayecheza vizuri na anayecheza vibaya pia, maana huyo ndiye anayekuonyesha mpira unaelekea wapi ukikosewa. Omba kucheza ile siku ya makedi, cheza mashindano ya ridhaa, shuka Usa River ukauone uwanja wa Kilimanjaro Golf wenye mashimo 18 yaliyotimia, uone umbali halisi. Tunaye Madina Iddi, mwanamke wa Arusha aliyebeba jina la Tanzania kwenye viwanja vya nchi nyingi. Mfuatilie. Jifunze Kiingereza cha kusoma kanuni, maana mchezaji ndiye anayebeba adhabu ya kosa la kedi wake na ya kadi ya alama iliyosainiwa vibaya. Na usiuze shamba la mtu ili uje huku.

Mwezi uliopita nilifika shimo la 18 siku ya mchujo nikijua ninahitaji mikwaju 4 pale, siyo 5. Mkwaju wa pili ukatoka kulia, ukazama kwenye kikuyu hatua mbili nje ya grini, hauonekani isipokuwa kipande cheupe. Baba alinipa fimbo bila kuniuliza. Hakuna tulichosema. Nilishika kwa nguvu kama nimeshika mundu, nikakata. Mpira ukatoka mzito, ukaanguka, ukajikokota mpaka umbali wa mkono mmoja kutoka shimoni. Wa nne ukaingia. Nilipita mchujo nikiwa kwenye mstari wenyewe, na siku mbili zilizofuata nikapanda, nikamaliza nafasi ya 41.

Nilimpigia mama Jumapili jioni. Alikuwa bado Soko la Kilombero, nilisikia makuli wakipiga kelele za njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa 41."

Akanyamaza kidogo. "Kati ya watu wangapi?"

"144."

Nikamsikia akihesabu kwa sauti ndogo, kama anavyohesabu madebe. Kisha akaweka simu pembeni ya mdomo, akamwambia jirani yake wa meza: "Huyu mwanangu wa Afrika Kusini, wiki hii amewaacha nyuma watu 103."