Kelele zinavyorusha mfumo unaochelewa kujijibu

Kuna habari moja ya fizikia sichoki kuisoma, mfumo una hali mbili na zote imara, hakuna anayeugusa, halafu kelele ndogondogo zisizo na mpangilio (si sauti, ni misukumo midogo ya kubahatisha) zinaufanya uruke kutoka hali hii kwenda ile. Chukulia mabonde mawili, kilima katikati, mpira umetulia upande mmoja. Kelele zinausukuma huku na huku, karibu kila mara unarudi chini, ila ikitokea misukumo ikafuatana upande uleule ndo unavuka. Mwanafizikia Kramers alishaifanyia hesabu hii mwaka 1940, ukiongeza kimo cha kilima kidogo tu muda wa kusubiri unarefuka vibaya sana. Ndo maana sikubaliani na mtu anayesema tuchuje kelele kwanza halafu tuchambue, maana ukizitoa hakuna kuruka tena, umebaki na mpira umelala.

Sasa weka kuchelewa, yaani nguvu inayousukuma mfumo saa hii inategemea ulikuwa wapi muda fulani nyuma. Leza iko hivyo ukiiwekea kioo mbele: kioo kikiwa sentimita 30, mwanga unaenda na kurudi kwa nanosekunde 2 hivi, kwa hiyo leza inasukumwa na mwanga wake yenyewe wa zamani. Hapo hesabu ya Kramers peke yake haitoshi, kujua mpira uko wapi sasa hivi hakukusaidii kama hujui ulikopita kipindi chote hicho.

Na hapa ndo patamu. Kama mrejesho, yaani huo msukumo unaotoka zamani, unavuta kuelekea ulikokuwa, mpira ukishavuka bado bonde la zamani linauita, kwa hiyo kurudi mapema ni rahisi kabisa, ila ukimaliza ule muda wa kuchelewa bila kurudi basi bonde jipya nalo linaanza kuushikilia. Mrejesho ukiwa wa kupinga ni kinyume, ukikaa muda huo ukaisha unaanza kufukuzwa, kelele kidogo tu zinatosha, na kuruka kunaanza kufuata mdundo, kwenda na kurudi kunachukua kama mara mbili ya muda wa kuchelewa au zaidi kidogo. Wanafizikia Tsimring na Pikovsky walilionyesha hili mwaka 2001: kelele zikiwa chache mno mdundo haupo, zikizidi unavurugika, katikati ndo unanyooka vizuri kabisa. Ukichora histogramu, yaani mchoro wa kuhesabu mara ngapi kila muda unatokea, ya muda ambao mfumo unakaa kila bonde, pale kuchelewa kunapoisha mstari unaruka ghafla, unauona kwa macho.