Siku moja, pikipiki mbili: asubuhi NS200, mchana Dominar 400

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Jirani yangu hapa Kiembeni kaniachia funguo za Pulsar NS200 yake tangu jana usiku, akaniambia kaka zunguka nayo mpaka mchana, mafuta juu yako, ukiridhika tuongee. Mie ni fundi wa mafriji na AC, kazi zangu zimetapakaa kutoka Mtwapa mpaka Diani, Boxer, pikipiki yangu ndogo ya sasa, imenilisha mda mrefu siikashifu, ila sasa nikipakia pampu ya vakyumu, mtungi wa gesi, geji na begi la spana, yaani karibu kilo 20 zote, kilima kidogo tu inalia kama nimeiibia. Macho yangu yako kwa mbili na zote ni neked, injini iko wazi nje na upepo unaupokea kwa kifua chako: hii NS ya cc 199.5, na Dominar 400 ya cc 373 ya 2019 ambayo kuna mteja kaiweka kwa fundi wetu Bondeni iuzwe. Bei zao hazijaachana sana manake Dominar imetembea. Basi nikaamua siku moja, mzigo ule ule, asubuhi hii na mchana ile, tuone.

Saa kumi na mbili na nusu

Mahamri na mbaazi nimekula nimesimama, haya twende. Bamburi Mtambo, Bombolulu, Kongowea, na jam ya Nyali Bridge ishaanza. NS ina kilo 156 hivi ikiwa na mafuta, hosipawa 24 na kitu, lakini hio nguvu iko juu huko, ile ya kuvuta inafika kilele chake injini ikizunguka mara 8000 kwa dakika, kwahivyo ukiwa na mzigo na ukizembea gia inakuangalia tu. Lazima uiamshe. Shusha gia moja, fungua, ndo inakumbuka kwamba ina plagi tatu. Kwa mtu wa Boxer ni kitu cha kuzoea, mkono wa klachi unafanya kazi. Lakini kupenya katikati ya matatu na tuktuk bwana, hapo sina neno, unaiwaza tu ishaenda.

Saa mbili na nusu

Kibokoni, Mji wa Kale. Kuna mama anauza juisi na barafu za watoto, friza yake imekufa usiku. "Mwanangu fanya haraka maembe yangu yataharibika." Nikamwambia mamangu usijali, na kweli ilikuwa rilei ya kompresa tu, nusu saa ikaanza kunguruma. Kazi ilikuwa kutoka. Ule uchochoro upana wake ni mkokoteni mmoja na baraza pande zote mbili, mwisho kuna ngazi, hupiti, lazima ugeuze pale pale. NS nikaisimamisha kwa stendi ya pembeni, nikaivuta ikaegemea stendi tairi la nyuma likanyanyuka kidogo, nikaizungusha hapo hapo kama mlango. Watoto wakapiga makofi. Hio huifanyi na kila pikipiki, na mie vichochoro kama vile naviingia kila wiki ya Mungu.

Saa nne nikapita bucha moja karibu na Marikiti kuongeza gesi kwenye chumba baridi. Hakuna la kusimulia hapo, harufu tu.

Saa sita

Bondeni. Ami, mwenye gereji, anakunywa kahawa chungu na wala haniangalii mie, anaangalia NS. "Hii imelala wapi?" Nikamwambia mwenyewe zamani alikuwa anakaa Shanzu, karibu na bahari. Akacheka, akaninyooshea radieta kwa kijiti. Nikachuchumaa. Wallahi hapa ndo ufundi wangu ulinisaidia, kwasababu radieta ya pikipiki na kondensa ya AC ni ndugu, vile vibati vyembamba vya alumini ndo vinatoa joto, na hewa ya chumvi ndo inavila. Nikapitisha kidole gumba upande wa chini kulia: unga mweupe, na vibati viwili vitatu vikabaki kwenye kidole. Haijavuja bado lakini siku zake zinahesabika. Kwenye Mombasa hii kabla hujauliza hosipawa uliza kitu kimelala wapi, mie naona AC za hoteli za mbele ya bahari zinakufa na zile za Mikindani, mbali na ufuo, za umri ule ule ziko poa. Dominar nayo ina radieta, kubwa zaidi, hio ilikuwa safi.

Tukala pilau, tukapiga hesabu, manake vijana wa hapo gereji walishaanza kubishana kwamba tofauti ya uzito "inameza" nguvu ya Dominar. Haimezi. Angalia. Dominar ina kilo 184 na nusu na hosipawa 40 kasoro kidogo. Mie na nguo na helmeti ni 85, vifaa 20. NS na mimi na mzigo: kilo 261, kila hosipawa moja inasukuma karibu kilo 11. Dominar: kilo 289 na nusu, kila hosipawa inasukuma kilo 7 na robo hivi. Na nguvu ya kuvuta ni Nm 35 ya Dominar kwa 18.7 ya NS, karibu mara mbili. Kwahivyo ukishaondoka, zile kilo 28 zilizozidi huzisikii, mzigo ndo unamuumiza mdogo zaidi kuliko mkubwa. Mmoja akadai Dominar ni refu kwa mtu wa kimo changu, nalo si kweli, kiti chake ni milimita 800 na cha NS ni 805, sawa tu. Shida ya kilo ni pale hujaondoka, au injini imezimwa na wewe ndo injini.

Saa nane

Dominar sasa. Changamwe, Miritini, nikaingia bypass ya Dongo Kundu, barabara inayozunguka bila kupanda feri, kuelekea Diani, hoteli moja AC za vyumba vinne hazipozi. Jamani. Sitaki kujifanya. Gia ya tatu inafanya kazi ambayo NS ilitaka gia tatu tofauti, trela la kontena liko mbele, unafungua kidogo, liko nyuma, na injini haijashtuka. Ile injini asili yake ni ya KTM 390 Duke, Bajaj, wanaotengeneza Dominar, wakaituliza ikawa ya safari. Kusi imeshika siku hizi, na daraja la Mteza ni refu, linapita kilomita, hakuna nyumba hakuna mnazi wa kukukinga, upepo unakuja kwa ubavu. Dominar ilikaa. Ilisukumwa kidogo ikarudi, tairi la nyuma lina upana wa milimita 150 na uzito wote uko chini. Pale nikasema basi, nimeshanunua, nikaanza kupanga rangi ya begi.

Saa tisa na nusu

Diani, parking ya wafanyakazi nyuma ya hoteli, mchanga mtupu. Nikashuka, nikaenda juu paa, hizo kondensa zilikuwa zimeziba uchafu na moja feni yake imeshika, nikaosha, nikabadilisha kapasita, nikarudi nimechoka nimelowa jasho. Stendi ya pembeni imezama. Pikipiki imeegemea ukuta kama mlevi. Kuinyanyua ni sawa, kuirudisha nyuma kwenye mchanga ilhali mbele kuna ukuta ndo kazi, nikavuta, ikakataa, nikamwita askari wa geti, mzee wa watu, shikamoo mzee nisaidie hapa, akaja tukahangaika wawili. Akauliza, "Na ukiwa peke yako?" Sikuwa na jibu, nikampa ya chai.

Saa kumi na mbili kasorobo

Nikaamua kurudi kwa Likoni makusudi, maana ndo njia yangu ya kawaida kazi zikiwa za South Coast na mjini. Foleni ya feri inatambaa, hatua mbili, simama, hatua mbili, na ile rampu ina mteremko, watu kwa miguu wamekuzunguka kila upande na mikokoteni na mama ana ndoo kichwani, huwezi kuyumba hata kidogo. Kilo 184 pamoja na 20 za vifaa nyuma, mguu mmoja chini mguu mwingine kwenye breki. Feni ya radieta ikawaka ikanipulizia joto kwenye magoti. Mwenye NS mmoja, kijana tu, kanipita kwa mguu anaisukuma huku anaongea na simu.

Mafuta pia nimeangalia. Mwendo wa mji NS watu wanapata kilomita 35 hivi kwa lita, Dominar 25 ikizidi 28. Tunashukuru huku kwetu mafuta ni nafuu kidogo kuliko Nairobi sababu meli inashusha hapa hapa, lakini kila siku ni kila siku.

Saa mbili usiku

Nimemrudishia Ami funguo. Akaniuliza vipi, nikamwambia nzuri kuliko ile, na sitaichukua. Akashangaa kidogo. Lakini ndo hivyo: leo Dominar ilikuwa bora kwa muda wa bypass, tuseme saa moja, na saa zilizobaki zote ni vichochoro, mchanga, feri na jam. Mtu akikwambia chukua kubwa usije ukajuta muulize yeye anaendesha wapi. Angekuwa ni mtu wa Voi na Nairobi kila mwezi, au anabeba mke nyuma safari ndefu, ningemwambia Dominar na asitazame nyuma. Mie mke wangu hapandi hata Boxer, anasema tuktuk zipo.

Nikampigia jirani nikamwambia NS naichukua ila radieta imeoza, punguza elfu ishirini. Akaruka, ati haijawahi kuchemsha hata siku moja. Nikampelekea picha ya kidole changu na ule unga. Akanyamaza, kisha akasema elfu kumi na mbili, na ile vioo vyake vya pembeni alivyonunua anavibakisha. Sawa, vioo tutanunua. Kesho aanzishe kuhamisha jina kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, upande wake, mie nikubali upande wangu, na pesa haitoki mpaka nione jina langu, jirani au si jirani.