Shilingi 200 kwa Wimbo Mmoja

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa kwaya moja ya hapa Mwanza, na jambo lililonikosesha usingizi halikuwa mazoezi bali katoni za CD zilizorundikwa chini ya meza ya ofisi. Tulikuwa tumerekodi albamu ya nyimbo nane kwa fedha za michango na harambee, tukaitoa kwa shilingi 5,000, na baada ya ndugu, jamaa na waumini wenzetu kununua, mauzo yakasimama. Hata hivyo nyimbo zenyewe zilisikika kila mahali: kwenye daladala za Igoma, saluni, hata mwaloni Kirumba miongoni mwa wapakiaji wa magunia ya dagaa.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyeuza vitenge sokoni kwa miaka mingi, alisema twende eneo la Makoroboi, hapa mjini, tukaone zinatokea wapi. Hatukutafuta sana. Kijana mmoja alikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, na ndani yake kompyuta ya mezani iliyovuliwa ganda la ubavuni ili isichemke, feni ndogo ikiipepea, na karatasi imebandikwa ukutani: nyimbo 20 kwa shilingi 1,000. Kwenye kioo cha kompyuta tuliona folda yenye jina la kwaya yetu, limekosewa herufi. Ndani yake mlikuwa na nyimbo tano tu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimenaswa redioni, kiasi kwamba sauti ya mtangazaji ilikatiza katikati ya kiitikio.

Nilikuwa nimejiandaa kumsomea sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kuzuia kunakiliwa kwake, na mwaka huohuo wa 2013 serikali ilikuwa imeanza kudai stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu. Lakini stempu hubandikwa kwenye kasha, na biashara ya kijana yule haikuwa na kasha hata moja. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti alikwisha kuitikia shikamoo yake na kumuuliza wateja wanalipia nini hasa.

“Wanalipia kazi yangu, mama,” alijibu bila kusitasita. “Wimbo wenyewe ni bure, ila kuutafuta, kuupanga na kuuingiza kwenye simu si bure.”

Jibu lile lilikuwa la kijeuri kidogo, lakini lilikuwa la kweli. Sisi tulikuwa tukilalamika kwamba watu wamezoea vya bure, kumbe watu walikuwa wakilipa, tena kila siku, isipokuwa fedha yao iliishia kwa anayenakili. Nakala haikumgharimu kitu: wimbo wa MP3 una megabaiti nne au tano, kadi ya gigabaiti mbili hubeba nyimbo mia nne na zaidi, na hata ukiunakili mara elfu, wimbo wa mwanzo haupungui. Kwa hiyo bei isingeweza kupimwa kwa gharama ya nakala. Wala haikufaa kupimwa kwa gharama ya studio peke yake, maana mnunuzi haijui na haimhusu. Kuiga wenzetu kusingesaidia pia: duka la muziki la mtandaoni la iTunes lilipofunguliwa Marekani mwaka 2003 lilipanga senti 99 za dola kwa wimbo, ambazo mwaka ule wa 2013 zilizidi shilingi 1,500, na sijui ni abiria gani wa daladala angetoa fedha hiyo kwa wimbo mmoja.

Mwenyekiti akavuta benchi. Alianzia shilingi 300 kwa wimbo, nusu iwe yetu. Kijana akasema 100, kwa sababu jirani yake angeendelea kuuza kwa hamsini. Hapo mama akamwonyesha kasoro za ile folda iliyo kwenye kompyuta yake. Alimwahidi nyimbo zote nane zilizo safi kutoka studio, majina yakiwa sahihi, na tangazo kanisani kwamba zinapatikana kwake. Walikubaliana 200, kila upande mia.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya albamu nzima. Kwa hesabu yangu nyimbo nane zilikuwa 1,600, lakini kijana alikataa katakata. Alisema wateja wake wakubwa ni wavuvi wa dagaa, ambao hushuka mjini kutoka visiwani wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa usiku wenye mwanga, na mvuvi hutoa noti ya elfu moja bila kuuliza, ila ukimwongezea mia sita anaanza kukumbuka kwamba rafiki yake anaweza kumrushia bure kwa Bluetooth. Mwenyekiti alicheka, akasema hata yeye aliuza vitenge kwa kutazama noti iliyo mkononi mwa mteja. Tukaandika elfu moja.

Njiani nilimuuliza mwenyekiti tutajuaje kwamba daftari la mauzo la kijana linasema kweli. Alinijibu kwamba hatutajua, na kwamba kama Jumamosi hakuna kitu kitakachoingia kwa M-Pesa, Jumatatu tutarudi na flashi yetu na kuipeleka kwa yule jirani wa hamsini.